Sanduku la Mwenzako

Kila aliyewahi kuvuka jangwa kwa pikipiki kutoka mji ule alivuka akiwa amekalia kazi ya Mkasi. Yeye ndiye aliyewashonea viti. Mteja alikuja, akapanda pikipiki yake pale mlangoni, akaambiwa akae kama anavyokaa akiwa amechoka, si kama anavyokaa akipigwa picha, na Mkasi akamzunguka na chaki akitia alama pa kupunguza sponji na pa kuongeza. Baada ya hapo mtu alikwenda zake mpakani, akala vumbi, akarudi na pua iliyobabuka na hadithi zisizokwisha. Mkasi alibaki palepale kwenye mashine, akisikiliza huku akikata uzi kwa meno. Jina hilo la Mkasi walimpa wateja, na hakuna aliyethubutu kumwambia kama ni kwa sababu ya kazi au kwa sababu ya ulimi.

"Makalio ya watu wote yamefika kule," alikuwa akisema. "Yamebaki yangu tu."

Aliyemtoa kwenye manung'uniko hayo ni wifi yake, mke wa kaka yake mkubwa. Wifi alikuwa muuguzi wa chanjo. Kazi yake ilikuwa kubeba dawa kwa pikipiki hadi vijiji ambavyo gari likienda halirudi zima, kwa hiyo njia mbovu alizijua kama anavyolijua jiko lake. Siku moja alileta kiti kilichochanika, akamkuta Mkasi anamsikiliza mteja mmoja aliyetoka jangwani, kwa uso wa mtu mwenye njaa anayetazama wenzake wakila. Mteja alipoondoka, wifi akacheka.

"Wifi, kwani wewe umefungwa kamba na hiyo mashine?"

"Nitakwenda na nani?"

"Na mimi."

Ndivyo ilivyoanza, na ijulikane kabisa kwamba wazo lilikuwa la wifi. Mkasi hakumwomba mtu.

Tangu siku hiyo meza ya kukatia vitambaa ikawa meza ya safari. Ramani ilitandazwa juu yake, kona moja ikashikiliwa na pasi ya chuma, nyingine na boksi la bizimu za kufungia mikanda. Njia waliichora kwa chaki ya fundi, maana chaki inafutika, na wao walikuwa watu wa kubadili mawazo. Walitoka kituo cha mwisho cha mafuta, wakaufuata mpaka wa nchi, mara upande huu mara upande ule, kule ambako mpaka wenyewe ni mawe yaliyopakwa chokaa tu. Wakapita visimani, wakapita kwa askari wa kugonga mihuri, wakakata uwanda wa chumvi, wakatokea mji wa ng'ambo. Yote hayo wakiwa wamekaa kwenye stuli, na majirani wakipita mlangoni wakiwacheka.

"Watu wazima hawa," alisema muuza vipuri wa mkabala. "Mnakwenda kutafuta nini kwenye jua?"

"Tunakwenda kukutafutia akili," Mkasi alimjibu. "Tukiiona tutakuletea."

Walibishana kila kitu. Maji kiasi gani, petroli ya akiba ikae wapi, chujio la hewa livalishwe soksi ya nailoni kuzuia vumbi au soksi mbili. Wifi alikuwa na sauti ya mwisho juu ya njia, Mkasi juu ya mizigo. Jua la kule, wifi alieleza, halina adabu. Mtu anaendesha alfajiri, likianza kuchoma anasimama, anafunga turubai kati ya pikipiki mbili, analala chini yake kama mjusi mpaka jioni. Mkasi akashona turubai hilo. Alilitia pete upande huu kwa usukani wa pikipiki ya wifi na pete upande ule kwa usukani wa pikipiki yake, likakaa sawasawa, bila kupwaya.

Kuendesha mjini Mkasi alijua zamani. Mchanga ulikuwa habari nyingine. Wifi alimpeleka kwenye mto mkavu nje ya mji, na huko Mkasi alianguka kulia, akaanguka kushoto, akaanguka hata pikipiki ikiwa imesimama. "Usiikabe shingo, wifi!" mwenzake alipiga kelele. "Iache icheze!" Mkasi aliinuka kila mara, akipangusa miwani yake minene ambayo bila hiyo hatofautishi mbuzi na mtu, akawasha tena. Alikuwa mzito wa kujifunza. Lakini kitu akikishika, amekishika.

Kwenye mto huohuo ndiko ilikozaliwa ile sheria yao. Siku hiyo wifi alichoka kungoja, akakaza moto akapotea mbele, na Mkasi akapata pancha nyuma. Pampu ilikuwa kwenye pikipiki ya wifi. Mkasi alikaa juani na tairi lake lililolala, akatukana mpaka matusi yakamwishia. Wifi aliporudi na kumwona, aliona haya kwelikweli. Alipiga magoti kwenye mchanga, akaziba pancha kwa mikono yake mwenyewe.

"Basi sikiliza," akasema. "Kuanzia leo vyangu unabeba wewe, vyako nabeba mimi. Tuone nani atamkimbia mwenzake."

Kila mmoja akatafuta sanduku la bati. Sanduku la Mkasi lilikaa kwenye pikipiki ya wifi, na ndani yake mlikuwa na tyubu, waya wa klachi, plagi, na miwani ya akiba ndani ya kifuko cha turubai alichokishona mwenyewe. Sanduku la wifi lilikaa kwa Mkasi, nalo lilikuwa na vipuri vya pikipiki yake na vidonge vya kipandauso. Wifi jua likimpiga vibaya, kichwa kilimpasuka akawa hajui kaskazini wala kusini. Wale wengine wote waendao jangwani hubeba vyao. Hawa wawili walijisikia wamegundua kitu, wakatembea na siri yao vifua mbele.

Mkasi akatangaza safari. Hapo ndipo alipojitia kitanzi, kama utakavyoona. Aliwaambia wateja, akamwambia muuza vipuri, akakataa kazi, akafunika mashine kwa shuka. Mtu aliyemuuliza "Kweli wewe utafika?" alijibiwa mpaka akajuta. Kuna watu wanaweza kutangaza jambo na lisipokuwa wakacheka tu. Yeye hakuwa mmoja wao.

Katika siku hizo wifi alimletea mteja. Alikuwa mwanamke mrefu, mpiga picha, mwenye pikipiki kubwa mpya ambayo hata ikizimwa ilionekana inakwenda. Alitaka kiti na mifuko ya pembeni, vyote vya jangwani. "Mfanyie kama unavyonifanyia mimi, wifi," wifi akasema, na Mkasi akafanya. Alimtilia ngozi halisi upande wa bomba la moshi ili turubai lisiungue, akashona mishono miwili miwili, akachagua bizimu za shaba alizokuwa amejiwekea mwenyewe. Mpiga Picha alikuwa na adabu. Alipokuja kuchukua kazi yake alimshika Mkasi mkono, akamwambia, "Pole sana na mgongo, mama." Mkasi akashukuru. Alidhani amemwonea huruma kwa kuinamia mashine kutwa.

Sasa tufike kwenye ile siku yenyewe. Safari ilikuwa imekaribia, na bizimu moja ya mfuko wa wifi ilikuwa imepinda. Mkasi akaenda na bizimu mpya nyumbani kwa kaka yake mchana, akafungua mlango kwa kusukuma, maana kwa kaka yake hakuwa mgeni. Wifi alikuwa kazini, ametoka na pikipiki ya serikali. Kaka alikuwa sebuleni anaongea na simu, akamwonyesha kwa kidole kwamba pikipiki ya safari iko uani.

Alipopita jikoni akaona kifuko chake. Kilikuwa juu ya friji, kati ya kopo la vibanio vya nguo na tochi iliyokufa. Akakichukua, akakifungua. Miwani yake ya akiba.

Hakuwaza baya. Aliwaza kwamba wifi naye kwa kusahau hajambo, amelitoa sanduku kulisafisha akasahau kurudisha. Alitabasamu hata. Akaenda uani, akabadilisha bizimu, kisha akafungua sanduku lake ili airudishe miwani mahali pake.

Nafasi haikuwepo.

Alijaribu kusogeza vitu, kama mtu anayetafuta pa kukaa kwenye benchi lililojaa. Tyubu iliyokuwemo ilikuwa ya tairi pana. Waya wa klachi ulikuwa mrefu kuliko wa pikipiki yake. Kulikuwa na betri za kamera zilizofungwa kwenye soksi, na vitambaa laini vya kufutia lenzi, na kopo la mafuta ya ngozi, yaleyale ambayo yeye mwenyewe alimpa Mpiga Picha bure, kwa kumpenda tu. Aliishika tyubu ile mkononi. Alikuwa mtu wa vipimo, na mkono wake ulijua kabla ya kichwa. Sanduku la mwenzako. Na mwenzake wifi hakuwa yeye.

Kaka alitokeza uani akiwa bado na simu sikioni. Alipomwona dada yake amechuchumaa mbele ya sanduku lililo wazi, aliikata bila kuaga.

"Mdogo wangu," akasema. "Tulikuwa tunataka kukaa na wewe."

"Tulikuwa nani?"

"Mimi na wifi yako. Nilimwambia haya mambo yanataka utulivu."

"Wewe ulijua?"

Kaka alianza kuzunguka mbuyu. Oh, unajua jangwa si mchezo. Oh, umri. Oh, yule mpiga picha ana simu ya setilaiti, anajulikana, mapicha yake yanatazamwa na watu wengi, wifi yako huenda akapata jina na yeye. Mkasi alimtazama huyu mtu aliyemfundisha kuendesha baiskeli, aliyekuwa akimshikia nyuma na kumwambia sijaachia, sijaachia. Akauona mdomo wake unavyokwenda, na moyo wake ukawa baridi kabisa.

Wifi aliingia wakiwa bado uani, na sare yake ya kazi. Alimwona Mkasi, akaliona sanduku, akaweka chini boksi lake la chanjo taratibu sana.

"Nilitaka kukuambia, wifi."

"Lini?"

Wifi akainama kulisogeza boksi la chanjo kivulini.

"Nimekuuliza, lini?"

"Ukishamaliza mifuko," wifi akasema, na hata yeye mwenyewe alisikia alichokisema. Alifunika mdomo. "Sikuwa na maana hiyo. Kibali cha kupita mpakani kimetoka cha watu wawili tu. Ningefanyaje? Halafu wewe mchangani, wifi, ukweli usemwe, wewe mchangani ni mzito. Ningekuwa nageuka nyuma njia nzima. Nimekaa maisha yangu yote nawahudumia watu, nilitaka safari moja ambayo sigeuki nyuma."

"Ungeniambia hivyohivyo."

"Ungenielewa?"

"Ningekutukana," Mkasi alisema. "Ningekutukana mpaka watu wajae, kisha ningekaa nikushonee mifuko. Wewe umenivika kilemba cha ukoka, nikajiona fundi, kumbe nashonea kiti mtu anayechukua nafasi yangu. Na shaba yangu nimemtilia!"

Hicho cha shaba ndicho kilichomvunja sauti. Mambo makubwa mtu huyastahimili, kisha kitu kidogo kama bizimu kinamwangusha. Akachukua miwani yake, akatoka kwa mlango uleule aliouzoea kuusukuma, na mara hii akaufunga.

Nyumbani aliliangalia sanduku la wifi lililokuwa bado limefungwa nyuma ya pikipiki yake. Waya wa klachi wa wifi, plagi za wifi, vidonge vya wifi. Wala usimwone malaika, alifikiria. Alifikiria kulitupa. Alifikiria kulificha chini ya magunia ya sponji na kusema halijui, na mtu huko mbele kichwa kikimpasuka katikati ya uwanda wa chumvi, amwite huyo mwenye kamera. Alikaa na fikira hiyo kwa muda, na ilimpendeza, tusidanganyane.

Kesho yake kaka akaja dukani. Hakuingia. Alisimama mlangoni kama mteja asiye na miadi.

"Wifi yako anaomba lile sanduku lake."

Mkasi hakuinua macho. "Mwambie aje mwenyewe."

"Anaona aibu."

"Ndiyo nzuri. Aje nayo."

Wifi hakuja. Siku ya kuondoka watu walijaa kituo cha mwisho cha mafuta kuwaaga wasafiri, muuza vipuri akiwemo, na habari zilikuwa zimekwisha kuzagaa kwamba Mkasi ameachwa kwenye mataa. Pikipiki mbili zilisimama pamoja, zimenona kwa mizigo. Pikipiki ya tatu ilipoonekana inakuja barabarani, umati ukapoa. Kila mtu alijua ile ni nani, na kila mtu alijua ule ulimi. Wengine walisogea karibu ili wasikose.

Mkasi aliegesha. Alifungua mikanda, akalitoa sanduku la bati, akampita wifi yake bila kumtazama, akasimama mbele ya Mpiga Picha.

"Mama!" Mpiga Picha akavua kofia ngumu haraka, akafurahi kweli. "Umekuja kutuaga na mgongo wako unavyokusumbua! Mwenzangu aliniambia umejitoa, daktari amekukataza kabisa kupanda pikipiki. Nilisikitika sana."

Mkasi aligeuka taratibu kumtazama wifi. Kwa hiyo hata ugonjwa wa mgongo alishapewa. Wifi alikuwa anachunguza glovu zake kana kwamba zimeandikwa kitu.

"Mgongo wangu mzima," Mkasi alisema. "Nimeinuka mchangani mara nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu, na mgongo wangu huuhuu. Lakini sikuja kwa hilo. Shika hili."

Mpiga Picha akalipokea sanduku, akalipima uzito. "Nini?"

"Vyake. Waya wa klachi wa pikipiki yake huliwa upande wa juu, ukianza kusikia ugumu badilisha, usingoje ukatike. Vidonge ni vya kichwa. Akianza kufumba jicho la kushoto mpe na maji mengi, mlaze chini ya turubai, usimwache aendeshe hata akikuapia. Ubebe wewe, asibebe yeye. Ndiyo sheria yetu, na aliitunga yeye."

"Ameniambia," Mpiga Picha alisema. "Vyangu kabeba yeye. Niliipenda sana sheria hiyo."

"Hata mimi niliipenda," Mkasi akasema. "Kwa hiyo vyake vibebe. Lakini vyako usimpe."

Mpira wa pampu ulisikika ukidondosha mafuta. Wifi akainua uso, na machozi yalikuwa yamekwisha kufika.

"Wifi, unanifanyia hivi mbele za watu?"

"Wewe ulinifanyia nyuma yangu. Nimeona mbele za watu kuna heshima zaidi."

Hakungoja jibu. Alirudi kwenye pikipiki yake, ambayo bila lile sanduku ilikuwa nyepesi kwa namna iliyomuudhi, akawasha. Kwenye kioo chake cha pembeni aliona Mpiga Picha amesimama na sanduku mikononi, akimwuliza wifi kitu. Aliona wifi anajibu kwa mikono, anaeleza, anaeleza zaidi. Kisha aliona yule mwanamke mrefu analiweka sanduku la wifi kwenye keria yake, analifunga vizuri, halafu anazunguka hadi pikipiki ya wifi, anafungua bizimu, na kuanza kutoa vitu vyake kimoja baada ya kingine mbele ya mji mzima. Betri. Tyubu. Waya mrefu.

Mkasi alidhani angefurahi. Alikuwa amejiandaa kufurahi tangu alipoamka. Badala yake aliendesha akirudi mjini, akipishana na watu waliochelewa kwenda kuaga. Alimpenda wifi yake. Hilo ndilo lililokuwa linamuuma, si jangwa. Jangwa lingengoja.

Miwani ilijaa ukungu akawa haoni barabara, akasimama pembeni kwenye ukuta wa ghala. Akavua kofia ngumu, akafuta vioo kwa pindo la blauzi, vikazidi kuchafuka. Akatia mkono mfukoni, mfukoni mwake mwenyewe, akatoa ile ya akiba, akaivaa. Haikuchukua muda, nayo ikajaa ukungu vilevile.